Mpini wa Kisu cha Suluhu

Wewe uliyekaa hapo nyuma umebetua midomo, itie adabu. Kisa chenyewe hakijaanza na uso wako umeshasema hayawezekani. Unamwamini muuza dawa moja inayotibu meno, mgongo na kukosa bahati, halafu ukiambiwa kwamba walikuwapo watu waliomwogopa Mwenyezi Mungu kuliko panga la jirani, unataka shahidi. Mashahidi wamekufa siku nyingi, Mola awarehemu. Ama sikiliza, ama tupishe tupate upepo.

Imepokewa kwa wacha Mungu waliotutangulia kwamba katika bonde la Ghuraiba, nchi ya milima mikavu na mashamba yaliyopandana kama ngazi, aliishi mjane akiitwa Bi Nusaiba. Alikuwa mtu wa ibada, alfajiri haikumpita hata siku moja, na ulimi wake ulikuwa mkali kiasi kwamba mbuzi wake walirudi zizini bila fimbo. Alikuwa na mwana mmoja tu, Haithamu, kijana mpole, mchapakazi. Siku moja Haithamu alikuwa juu mlimani akijenga ukuta wa shamba. Jiwe likamponyoka, likaporomoka, likamkuta njiani Jaudari, mtoto wa jirani yao Bi Hulaima. Jaudari hakuinuka tena. Sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Kadhi alisikiliza, akapima, akahukumu kuwa ni kuua kwa kukosea. Ukoo ukatoa diya, ile fidia ya damu, na Haithamu akaanza kufunga ile miezi miwili mfululizo ya kafara. Sheria ikawa imemaliza kazi yake. Lakini hukumu ya kadhi haimfuti mama machozi, wala haimpi usingizi kaka wa marehemu. Kaka mwenyewe aliitwa Dhirari, seremala, ana mabega ambayo akisimama mlangoni chumba kinaingia giza. Tangu siku ya mazishi hakuitikia salamu ya mtu yeyote wa nyumba ya Bi Nusaiba.

Kwa ajili ya mioyo ya namna hiyo, watu wa Ghuraiba walikuwa na desturi yao. Nyumba iliyoua ilitengeneza kisu cha kukunja, kile kidogo cha mfukoni, cha kumenyea matunda na kukatia kamba. Siku ya Ijumaa, swala ikishamalizika, mama wa marehemu alikwenda na watu wake katika nyumba hiyo. Alikabidhiwa kisu kikiwa wazi, mpini ukimwelekea yeye, makali yakimwelekea mwenye kutoa. Naye aliuliza jambo moja: mpini umetoka wapi? Bapa hutoka kwa mhunzi, chuma ni chuma. Lakini mpini ulipaswa kutoka ndani ya nyumba ile ile, katika kitu ambacho kukitoa kunawauma wenyewe. Mwenye nyumba alijibu mbele za watu, kwa kiapo. Mama wa marehemu akiridhika, alikikunja kisu na damu ikawa imefungwa. Adhana ya alasiri ikisikika naye hajakikunja, alikiacha wazi mkekani akaenda zake. Hapo nyumba ile ilihama bonde, na huko njiani kijana wao hakuwa na wa kumlinda. Dhirari alizijua njia zote za Ghuraiba, za watu na za mbuzi.

Basi waoneni hao wanaofikiri mpini ni pambo.

Fundi wa mipini alikuwa Mzee Kutaiba, kikongwe mwenye mkoba wa ngozi asioutua hata akienda kuoga. Alifika kwa Bi Nusaiba siku ya Jumatano, akaanza kuzunguka nyumba akishika hiki na kile, kama mtu aliyekuja kununua na hataki kuonekana anapenda.

"Chukua pembe hizo," Bi Nusaiba alimwambia, akionyesha pembe za beberu zilizotundikwa ukutani. "Nzuri, nyeusi, zimejipinda vizuri."

"Huyu beberu alichinjwa?"

"Alikufa mwenyewe, kwa ubishi. Alikataa kushuka gengeni."

"Basi ni kibudu. Bi Hulaima atakiweka kisu mfukoni na kusali nacho. Mmemwua mwanawe kwa bahati mbaya, sasa unataka kumharibia na swala kwa makusudi?"

"Fundi, una mdomo mchafu."

"Tumekutana, mama."

Bi Nusaiba alileta mfupa wa ngamia uliokuwa kwenye tandiko la marehemu mumewe. Mzee Kutaiba aliuinua kwenye mwanga, akautazama kwa jicho moja, akaurudisha. Ulikuwa umekula jua miaka mingi. Akiutia keekee kuutoboa, ungepasuka kama mkate wa juzi. Akaletewa mwiko mkubwa wa mti wa mkunazi. Huo hakuugusa kabisa.

"Jaudari ameoshwa kwa maji ya majani ya mkunazi," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yake akiushika mti huu atamwona mwanawe amelazwa kitandani. Mkunazi ni mti mwema, Bi Nusaiba, lakini si kwa mkono ule, si mwaka huu."

Kisha akasimama mlangoni. Hapo mlangoni palikuwa na komeo la mzeituni, gogo nene la urefu wa mkono, rangi ya asali iliyochuja, limepitiwa na mishipa myeusi. Mume wa Bi Nusaiba ndiye aliyelichonga, na kwa kushikwa asubuhi na jioni lilikuwa limeng'aa bila mtu kulipaka kitu. Mzee Kutaiba aliligonga kwa kifundo cha kidole. Likalia kama kengele ya udongo.

"Hili," alisema.

"Hilo ni komeo."

"Nina macho, mama."

"Na mlango nifungie nini? Bismillahi peke yake?"

"Wapo wanaofungia hiyo."

"Hao hawana Dhirari nyuma ya ukuta." Bi Nusaiba alijisogeza akasimama kati ya fundi na mlango, kama kwamba mzee wa watu angelinyakua na kukimbia. "Tangu mazishi yale silali mpaka nimelisukuma komeo hili na kulivuta na kulisukuma tena. Nikikupa wewe ulichanechane, nitapata wapi jingine? Mzeituni mbichi hupinda. Mpaka ukauke, mwanangu ameshakwenda na maji. Tafuta kitu kingine."

"Nimeshatafuta. Kinachokuuma ni hiki. Nimekiona usoni mwako kabla sijakiona mlangoni."

Bi Nusaiba alimfungulia mlango kwa heshima zote, akamwambia arudi kesho.

Jioni hiyo hiyo akaingia shemeji yake, Lukmani, ndugu wa marehemu mumewe, ametoka bandarini na vumbi la safari. Lukmani alikuwa mtu wa swala na mtu wa maneno, amesoma kidogo, na kile kidogo alikitumia chote kila siku. Alikunjua kitambaa, ndani yake kipande cha pembe ya ndovu, cheupe kama maziwa ya kwanza.

"Shemeji, matatizo yamekwisha," alisema. "Mpini wa hii hata mke wa sultani hana."

"Haikutoka nyumbani kwangu."

"Nisikilize. Italala hapa usiku wa leo, chini ya mto wako. Kesho asubuhi fundi akija kuichukua, itakuwa inatoka wapi?"

Bi Nusaiba aliutupia jicho mto wake.

"Inatoka nyumbani kwako," Lukmani alijijibu mwenyewe. "Ukiapa, umeapa kweli. Hakuna neno la uongo hata moja."

"Hiyo ni hila, shemeji."

"Ni hila, lakini imenyooka."

"Na inaniuma wapi? Desturi inataka kitu kinachouma."

"Inaniuma mimi niliyeinunua, na mimi ni wa ukoo."

Bi Nusaiba alicheka, na kucheka huko kulimponza. Aligeuka akamwona Haithamu anafuturu kwa tende na maji, amekonda kwa saumu, shingo imekuwa nyembamba kama ya kuku mgonjwa. Akaliona na komeo lake pale mlangoni. Akachukua ile pembe bila kusema neno, akaitia chini ya mto.

Mzee Kutaiba aliporudi asubuhi akakabidhiwa ndovu, aliigeuza juu chini.

"Jana mbuzi aliyekufa mwenyewe tulimwita kibudu," alisema. "Huyu ndovu alisomewa bismillahi?"

"Wapo wanazuoni wanaosema ni twahara," Lukmani aliingilia.

"Ndiyo. Kumbe kwa mbuzi tunafuata wanazuoni hawa, kwa ndovu tunafuata wale." Aliitia mkobani. "Mimi ni fundi. Anayeapa si mimi."

Ijumaa ikafika. Nyumba ya Bi Nusaiba ilijaa watu mpaka wengine wakasimama uani. Bi Hulaima aliingia mbele, mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye maneno machache na yote makali. Nyuma yake Dhirari, na chumba kikaingia giza. Walikaa mkekani. Haithamu alikaa kando ya mama yake, midomo imekauka. Bi Nusaiba alikunjua kitambaa, akakitoa kisu kikiwa wazi, mpini mbele.

Tusidanganyane, kilikuwa kizuri. Mzee Kutaiba alikuwa amenuna wakati wa kukitengeneza, lakini mikono yake haikujua kununa. Watu waliguna kwa kukipenda.

Bi Hulaima alikipokea. Aliugeuza mpini, akaupitishia kidole gumba taratibu, akaugeuza tena, halafu akainua macho akaangaza ukutani, kwenye shubaka, juu ya kabati, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha. Alikuwa anatafuta mpini ule umekatwa kwenye nini. Nyumba ile alikuwa akiingia tangu alipokuwa bibi harusi, na alitaka kujua ni kitu gani chake jirani yake amekikata kwa ajili ya Jaudari.

"Mpini umetoka wapi, jirani?" aliuliza.

Jirani. Tangu mazishi hakuwa amelitamka neno hilo.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Bi Nusaiba, limenyooka kama alivyosema shemeji. Lukmani alikuwa akitikisa kichwa kumhimiza, kama anayemlisha mtoto uji. Bi Nusaiba alifungua kinywa, akakifunga. Angeweza kuwadanganya watu wote wa Ghuraiba bila neno la uongo, na Mwenyezi Mungu alikuwa akijua kilichokuwa chini ya mto.

"Umetoka bandarini," alisema. "Amekuja nao shemeji yangu juzi jioni. Ulilala kwangu usiku mmoja ili nipate kuapa kwamba umetoka humu. Nyumba hii umepita kama mgeni, hata maji haukunywa."

Lukmani alijifunika uso kwa kilemba. Uani watu walianza kunong'ona, na Dhirari akasimama.

"Tuondoke, mama," alisema. "Wameshajihukumu wenyewe."

"Kaa," alisema Bi Hulaima.

"Mama, wametuletea hila mbele ya damu ya ndugu yangu."

"Nimesikia, masikio ninayo. Adhana bado. Kaa." Akamgeukia fundi aliyekuwa amejikunyata pembeni. "Mzee Kutaiba, hukosi kuchagua. Wewe ulichagua nini?"

Mzee Kutaiba alionyesha mlangoni kwa kidevu. Watu wote wakageuza shingo.

"Komeo," alisema Bi Hulaima. "Mbona hukulitoa, jirani?"

"Nakuogopa," Bi Nusaiba alijibu. "Wewe na huyo mwanao. Komeo hilo ndilo linalonipa usingizi."

"Na sasa hutuogopi?"

"Sasa nawaogopa mara mbili. Lakini nikisema uongo nitamwogopa Mola wangu mpaka kaburini, na ninyi mkinidhuru mtanidhuru siku moja tu."

Alipokwisha kusema hivyo aliinuka. Hakuna aliyetegemea mjane yule angekuwa na nguvu ile. Alilishika komeo kwa mikono miwili, akalikung'uta kwenye vishikizo vyake, likatoka na vumbi la miaka, mlango ukabaki unaning'inia wazi. Alilibeba kama anavyobebwa mtoto, akalitupa mbele ya fundi.

"Mkoba wako uko wapi?"

"Uko hapa. Nitembee bila mkoba, nimekuwa nani?"

"Ng'oa hiyo ndovu. Jua liko wapi?"

Mtu wa uani alipaza sauti kwamba kivuli kimeshavuka kisima, kinakaribia ukuta wa msikiti. Basi pale pale kikao cha msiba kikageuka karakana. Mzee Kutaiba aligonga pini ya shaba, bapa likachomoka, ndovu ya Lukmani ikabingirika mkekani na hakuna aliyeiokota. Akatoa msumeno mdogo. Haithamu akalishika komeo ili likatwe, lakini mikono ya mwenye saumu ilikuwa haina nguvu, na gogo la mzeituni, gumu kama mfupa, likawa linateleza. Msumeno uliruka ukamchuna kidole.

Dhirari alikuwa ametazama ukutani asione. Lakini seremala ni seremala. Sauti ya msumeno unaokwama ilimwingia kwenye meno.

"Unakwenda kinyume na mishipa ya mti," alisema bila kugeuka. "Utaupasua."

"Nilianza kukata mipini wewe hujatahiriwa," alisema Mzee Kutaiba.

"Ndiyo hiyo mipini inayobaki mikononi mwa watu, kisu kimeanguka chini?"

Uani mtu alicheka akajiziba mdomo. Mzee Kutaiba alisukuma msumeno, ukakwama tena. Dhirari alivumilia kidogo, akavumilia tena kidogo, halafu akachuchumaa, akamsukuma Haithamu kwa bega, akaukandamiza mguu wake mkubwa juu ya komeo. "Kata," alisema. "Na wewe shika huku mwisho, usiachie." Haithamu akashika. Mkono wake ulikuwa umebanwa na kisigino cha mtu aliyengoja kummaliza, na hakuuondoa.

Kipande kikakatika. Kikachanwa ufa katikati wa kulaza bapa. Mzee Kutaiba alipoanza kuzungusha keekee, harufu ya mafuta ya zeituni ilipanda ndani ya mti uliokufa zamani, chumba kizima kikanukia. Mtu wa uani akasema muadhini anatawadha. Bapa likatiwa, pini ikagongwa, kisu kikakataa kukunjika. Mzee Kutaiba akatukana kimoyomoyo, tupa ikapita. Kikakataa tena. Mtu akasema muadhini anapanda ngazi. Dhirari alinyoosha mkono bila kutazama, Haithamu akajua anachotaka, akampa taa ya mafuta. Tone moja likadondoshwa kwenye pini. Bapa likasogea, likakwama, likasogea.

"Muadhini anakohoa," alisema mtu wa uani.

Mzee Kutaiba alimpa Bi Nusaiba kisu kikiwa wazi. Kilikuwa kisu kibaya, tuseme kweli. Mpini haukupigwa msasa, upande mmoja ungali na nyuzi za msumeno, upande wa pili uking'aa kwa mikono ya mume aliyekufa na mke aliyeogopa. Bi Nusaiba alikitoa mpini mbele. Bi Hulaima akakipokea.

"Mpini umetoka wapi?"

"Wallahi, umetoka mlangoni mwangu."

"Unakuuma?"

"Unaniuma. Usiku utaniuma zaidi."

Bi Hulaima alikitazama kisu, akamtazama Haithamu kwa mara ya kwanza tangu amzike mwanawe. Akakikunja. Kililia kikavu, kama mtu aliyevunja kijiti, na juu ya msikiti ikasikika Allahu akbar.

Watu walipumua. Bi Nusaiba hakulia, alijifuta pua kwa upande wa mtandio na kumwambia Lukmani aokote mfupa wake aende kuuza.

Basi jueni kwamba Bi Nusaiba alisema kweli akiwa haoni mahali pa kutokea. Mbele yake palikuwa na panga, nyuma yake mwana mmoja tu, na hakuna malaika aliyeshuka kumnong'oneza kwamba yataishia vizuri. Ukingoja uone kwanza faida ya kusema kweli ndipo uiseme, unafanya biashara. Yeye aliisema kwa sababu ni kweli na Mola anasikia, akasubiri litakalokuja.

Ama Bi Hulaima, alikitia kisu mfukoni, akainuka, akakung'uta nguo. Upepo wa alasiri ulikuwa ukiuyumbisha ule mlango.

"Dhirari."

"Naam, mama."

"Nyumba hii ni ya mjane na kijana mwenye saumu, na haina komeo. Utalala hapa kizingitini, kwa ndani, mpaka uwachongee jingine."

"Mama, mzeituni mbichi haufai. Unataka mwaka mzima ukauke."

"Basi una mwaka mzima," alisema Bi Hulaima, akatoka, akaufunga mlango.